Zeituni na Trekta la Shamba la Juu

Zeituni alikuwa akirudi kutoka soko la Matungu, kapu la dagaa wa omena kichwani, alipoona pikapu nyeupe imeingizwa kinyumenyume uani kwake. Wanaume walikuwa wamelishika trekta dogo jekundu la marehemu mumewe, mmoja kwenye usukani na wengine kwenye magurudumu ya nyuma, wakilisukuma kuelekea mbao walizozitegesha kama daraja. Trekta la pili, lile la kijani lisilo na boneti, lilikuwa limeshavutwa kutoka bandani na kuachwa juani. Shemeji yake Husseini, kaka mkubwa wa marehemu, alisimama kando, mikono nyuma, akiwaelekeza kama mtu anayehamisha kabati la nyumbani kwake.

Zeituni alitua kapu. Alipita katikati ya wale wanaume, akakusanya dera lake kwa mkono mmoja, akapanda trekta jekundu na kukaa kwenye kiti kilichochanika hadi sponji ikatokeza.

"Assalaam alaikum, shemeji."

"Waalaikum salaam," Husseini alijibu bila kumtazama. "Shuka hapo, mama Raisa. Hawa ni watu wa vyuma chakavu. Nimewaita wakusafishie boma."

"Boma langu nalifagianga mwenyewe."

"Hizi takataka zimeoza. Zinafuga nyoka tu."

"Basi na nyoka ni wangu."

Kijana mmoja wa pikapu akaangua kicheko, kisha akakimeza alipoona uso wa Husseini.

"Nimesema shuka!"

"Sishuki. Mkitaka kulipakia, pakieni na mimi juu yake. Mkifika huko mnakouzanga, mwambieni mwenye mizani: tumeleta chuma pamoja na mjane wake. Atupime wote."

Mwenye pikapu alimtazama Husseini, akamtazama Zeituni, akapangusa mikono kwenye suruali. "Mzee," alisema, "mimi nanunua chuma. Sinunui kesi." Wakaondoa mbao zao, wakaenda. Husseini aliondoka nyuma yao kwa miguu, na vumbi la pikapu likamfunika hadi njia panda.

Matrekta yenyewe hayakuwa yale makubwa yanayovuta matrela ya miwa hadi kiwandani. Yalikuwa madogo, boneti yake ikimfikia mtu mzima kiunoni, ya kukatia nyasi na kulimia bustani. Wamisionari ndio walioyaleta zamani katika shule moja upande wa Butere, na Anwar, mume wa Zeituni, alikata nyasi za uwanja wa shule hiyo maisha yake yote ya kazi. Shule iliponunua mashine mpya, ikamwachia zile kuukuu siku ya kustaafu kwake. Anwar alizileta nyumbani kwa furaha kama mtu aliyeoa tena. Kila Ramadhani alisema, tukishafungua mfungo wa mwisho nitayaamsha haya matrekta. Kisha shinikizo la damu likamwangusha asubuhi moja akinawa udhu, na matrekta yakabaki bandani, kuku wakitagia chini yake.

Sasa, watu wengi wa Matungu walimjua Zeituni kama mke wa Anwar na muuza omena. Walichokisahau ni kwamba baba yake alikuwa fundi wa matrekta kule Bukura, mwanamume aliyejaliwa mabinti watupu na asiyeona sababu ya kulilia jambo hilo. Zeituni alikua akiosha kabureta kwa petroli kama watoto wengine wanavyoosha vikombe. Alipoolewa, sanduku lake lilikuja na leso, sufuria, na chini kabisa, zimefungwa kwenye gunia, spana za baba yake. Injini za kisima zilipoharibika kwa majirani, ni yeye aliyezitengeneza nyuma ya nyumba. Anwar alikuwa akiwaambia watu, "Si mimi, ni huyu," nao wakacheka wakidhani ni utani wa mtu anayempenda mkewe.

Ugomvi na Husseini ulikuwa wa shamba. Baada ya eda kwisha, sheikh na wazee wa ukoo walikaa wakagawa urithi kwa haki: Husseini akapata sehemu ya chini, karibu na mto, Zeituni na binti yake Raisa, aliyekuwa ameolewa Kisumu, wakapata shamba la juu. Husseini mwenyewe aliitikia amina. Lakini mvua za mwaka uliofuata zilifurika zikaozesha miwa yake huko chini, na tangu hapo macho yake yakahamia juu.

Alianza kwa maneno ya asali. "Wewe uko peke yako, mama Raisa. Acha nipande miwa huku juu, wewe ukae kivulini ule."

"Miwa inakaa shambani mwaka na nusu, shemeji. Mimi nakula kila siku. Nitapanda mahindi na maharage, na kule kwenye mchanga nitie karanga."

"Utalima na nini?"

"Na ng'ombe wa kukodi, kama kila mtu."

Husseini alitikisa kichwa akaenda zake. Alikuwa na lori la kubebea miwa, na hapo kijijini mwenye lori ana nguvu kuliko chifu, kwa sababu miwa iliyokatwa ikikosa usafiri hukauka na kuwa kuni. Zeituni alipoanza kuzunguka kwa wenye ng'ombe, akaona ajabu. Wa kwanza akasema fahali wake anachechemea. Wa pili akasema wake wanaharisha. Wa tatu, ambaye fahali wake walikuwa wakicheua mbele yake wakiwa wanene na wang'avu, akasema kwa aibu, "Hawa nao, mama Raisa… wamechoka sana." Ng'ombe wote wa upande ule waliugua wiki ileile moja.

Jirani mmoja tu ndiye aliyekuja bila kuitwa. Alikuwa Dorothy, mkata miwa, mwanamke mrefu mwenye mikono yenye makovu ya majani ya miwa. Alikuja na jembe begani.

"Mulembe, mama Raisa. Nimesikia ng'ombe wako hospitali."

"Mulembe, dada. Wote wamelazwa."

Walilima kwa mikono. Ilikuwa Februari, na ule udongo mwekundu ulikuwa umekauka kama tofali lililochomwa. Jembe lilidunda. Jua lilipopanda utosini, kipande walichokilima kingeweza kufunikwa na mikeka miwili ya msikitini. Dorothy aliketi chini, akanywa maji, akalitazama shamba lililobaki hadi lilipokutana na ua wa miti ya mikinduri.

"Hii tutamariza siku Yesu anarudi," alisema. Ulimi wake haukujali sana tofauti ya l na r.

Zeituni alicheka, kisha akageuza kichwa. Alikuwa akitazama banda alimoyarudisha yale matrekta.

Siku aliyolikalia trekta hakuwa na mpango wowote. Ulikuwa ukaidi mtupu: Husseini alitaka kulichukua, naye hakutaka alichukue. Lakini pale shambani, viganja vikimwaka moto, ukaidi ule ulipata kazi. Aliingia chumbani, akavuta sanduku, akatoa lile gunia la spana.

Injini ya trekta jekundu ilikuwa imeganda. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda kwa kutu, haisogei juu wala chini. Zeituni alifungua plagi, akamimina dizeli iliyochanganywa na mafuta ya breki ndani ya tundu, akaiacha inywe. Kila asubuhi baada ya kuswali alikuja na kipande cha mti wa mpera na nyundo, akaigonga pistoni taratibu, kama anayebisha hodi kwa mgonjwa. Siku nyingi hakuna kilichojibu. Wakati huo akafanya mengine. Kabureta aliikuta imejaa udongo: nyigu walikuwa wamejenga humo nyumba ya vyumba vingi. Tangi la petroli alilitia kokoto na maji, akalifunga kwa kamba, akalitikisa hadi kutu ikatoka kama chai ya rangi. Dorothy alipokuja alimkuta amekaa chini, tangi mapajani, analitikisa na kuimba kasida.

"Unalilaza mtoto?"

"Ninamwamsha."

Asubuhi moja aligonga, na pistoni ikashuka. Kidogo tu, unene wa ukucha. Zeituni aliweka nyundo chini akafunika uso kwa mtandio, na kwa muda mabega yake yalitikisika. Kisha akaokota nyundo akaendelea.

Trekta la kijani ndilo lililotoa uhai wake kwa ajili ya jekundu. Lilitoa ringi za pistoni, ambazo kwa bahati zilikuwa bado hazijaliwa. Lilitoa mkanda, usukani usio na ufa, na tairi moja ya nyuma. Siku aliyozungusha kamba kwenye gurudumu la injini na kuivuta, mara ya kwanza lilikohoa. Alivuta tena, likatoa moshi mweusi na kishindo kilichowatawanya kuku hadi kwa jirani. Aliposafisha plagi na kuvuta kwa nguvu zake zote, likanguruma, likayumba, kisha likatulia na kuanza kuhesabu mapigo yake: tuk, tuk, tuk, tuk. Dorothy, aliyekuwa ng'ambo ya ua, alipiga vigelegele.

Husseini naye alisikia mngurumo huo. Ijumaa hiyo, baada ya swala, alizungumza nje ya msikiti kwa sauti ya kutosha kila mtu asikie. Mwanamke wa ukoo wake, alisema, mjane, sasa anataka kupanda mashine mguu huku na mguu huku mbele ya watu. Je, hilo nalo tulinyamazie?

Maneno yalimfikia Zeituni kabla chakula cha mchana hakijaiva. Alivaa buibui, akatoka hadi pale msikitini, ambapo wanaume walikuwa bado wamesimama kwa vikundi, akasimama kwa adabu umbali unaofaa.

"Assalaam alaikum wazee wangu. Nimesikia nimetajwa. Mguu huku na mguu huku, sawa; nitavaa suruali ndani na buti, na dera juu yake, na mtandio kichwani. Nitasitirika kuliko nikiinama na jembe nguo ikinigandama mgongoni kwa jasho. Lakini kama kuna mwenye ng'ombe hapa ambaye anaona ni aibu mimi nilime na chuma, aje kesho asubuhi na ng'ombe wake, aniokoe na aibu. Nitamngojea."

Sheikh alikohoa, akasema, "Mama amesema." Akaingia ndani.

Lililobaki lilikuwa plau. Trekta lilikuja na mashine ya kukatia nyasi tu, halikuwa na ya kulimia. Zeituni alipata plau kuukuu ya ng'ombe kwa mume wa Dorothy, akaifunga kwenye baiskeli, akaisukuma hadi kwa Barnaba, mchomeleaji vyuma wa Mumias, aliyekuwa na kibanda karibu na kituo cha mafuta.

Barnaba alikuwa mtu mzito, mwenye kofia iliyotobolewa na cheche. Aliitazama plau, akamtazama mwenye plau.

"Wewe ndiye mama wa trekta? Husseini ananiletea trela zake hapa. Mimi sitaki kuingia katika mambo ya ukoo."

"Nimekuletea chuma, ndugu yangu. Ukoo nimeuacha nyumbani."

Barnaba alijaribu kukasirika, akashindwa. Walikata mikono ya plau, wakachora kwa chokaa sakafuni namna itakavyoshikwa nyuma ya trekta, wakabishana juu ya wenzo wa kuinulia. Yeye alitaka mfupi uwe imara. Zeituni alitaka mrefu ili mkono wa mwanamke wa umri wake uweze kuinua chuma kile siku nzima. Barnaba akachomelea mrefu.

Siku ya majaribio kijiji kilikuja kama kwenye mechi. Zeituni alishusha plau, akatia gea, akaachia klachi. Ncha ilizama ardhini, magurudumu ya nyuma yakazunguka papo hapo yakitupa vumbi, na pua ya trekta ikainuka juu kama ya farasi. Alizima haraka. Watu walicheka hadi wakashikana. Mmoja akapaza sauti, "Mama Raisa, linataka kuruka! Likatie tikiti ya Nairobi!"

Zeituni alishuka, akatembea kulizunguka trekta mara moja, akainama akaangalia alama za tairi. Uso ulikuwa umemwiva, lakini si kwa aibu.

"Chekeni," alisema. "Mkimaliza, mje wiki ijayo mcheke tena."

Alijua lilipokosea. Trekta la kukatia nyasi ni jepesi. Halijazaliwa kuvuta udongo wa hapa. Lilihitaji uzito na kucha. Alijaza maji kwenye tyubu za nyuma kwa bomba la kunyunyizia dawa. Akakoroga saruji, akaimimina kwenye makarai mawili mabovu, bolti ndefu ikiwa katikati, na yalipokauka akayafunga moja kwa kila gurudumu. Minyororo iliyobaki ya ile plau ya ng'ombe akaizungusha kwenye tairi ili zishike ardhi. Kisha akarudi kwa Barnaba, nao wakashusha pale plau inapofungwa, ili ivute trekta chini badala ya kulipindua. Barnaba hakutaja ukoo tena. Aliuliza tu shamba litalimwa lini, maana angependa kuona.

Mvua moja ya mapema ilinyesha ikalainisha ngozi ya juu ya ardhi. Kesho yake, umande ukiwa bado majanini, Zeituni alivaa buti, akafunga mtandio, akasema bismillahi.

Mstari wa kwanza aliulima kwa kina kidogo, akilenga mti wa mkinduri mwisho wa shamba. Trekta liliguguna, minyororo ikauma udongo, na nyuma yake ardhi ikafunguka, nyekundu na yenye unyevu, ikigeuka upande kama ukurasa. Aliporudi aliteremsha gurudumu la kulia ndani ya mtaro uleule, akazamisha plau zaidi. Safari hii hakuna aliyecheka. Dorothy alitembea nyuma yake akiokota mizizi na kurudia, "Ona! Ona!" Hata ndege waliamini, wakaanza kushuka kwenye mtaro kula minyoo.

Alikuwa amefika nusu ya shamba lori la Husseini lilipoingia, limejaa mbegu za miwa, na vibarua wameketi juu yake. Alikuwa ameamua kupanda kabla Zeituni hajamaliza. Husseini aliruka chini, akatembea moja kwa moja hadi kwenye mtaro, akasimama mbele ya trekta na kunyoosha mkono.

Zeituni alisogea hadi boneti ilipokaribia kiuno chake, kisha akakanyaga breki. Hakuzima injini.

"Zima hiyo takataka!"

"Likizimwa linasumbua kuwaka. Sema, nasikia."

"Hili ni shamba la baba yangu."

"La baba yako na la baba wa Anwar. Mligawiwa, ukaitikia amina, nami nilikuwepo. Sehemu yako iko kule chini. Nenda ukailime, sitakuzuia."

"Unanidharau mbele ya watu, mke wa ndugu yangu!"

"Mimi nimekaa kwangu nikilima kwangu. Wewe ndiye umeleta watu." Alipandisha sauti juu ya mngurumo. "Uliwanyima wenye ng'ombe usingizi ili nilale njaa. Uliita watu wa vyuma wabebe mali ya ndugu yako nikiwa sokoni. Nilinyamaza, nikasema huyu ni shemeji yangu, damu ya mume wangu. Leo sinyamazi. Hapa nitapanda mahindi. Ukipanda muwa mmoja nitaulima nao kama gugu, na kesho ukipanda mwingine nitaulima tena. Petroli ikiisha nitatumia jembe. Jembe likivunjika nitatumia kucha. Sasa ondoka kwenye mtaro wangu, shemeji, udongo unakauka."

Husseini aligeuka kuwatazama vibarua wake. Walikuwa wamekaa vilevile juu ya miwa, hakuna aliyeshuka; mmoja wao, binamu ya Dorothy, alikuwa anatazama angani kana kwamba anasoma hali ya hewa. Miongoni mwa watu waliosogea kutoka barabarani alikuwepo yule mwenye fahali waliochoka. Alivua kofia, akasema kwa sauti ya chini, "Husseini, muache mama alime."

Husseini alisimama kidogo zaidi, kwa sababu mtu hawezi kuondoka haraka mahali kama pale. Kisha akatoka kwenye mtaro, akasafisha viatu kwenye nyasi, akapanda lori. Zeituni alitia gea. Mikono ilimtetemeka vibaya hivi kwamba mstari huo ulipinda, na mpaka leo huwaonyesha watu: ule uliopinda, ndio wa siku ile.

Mahindi yalifanya vizuri, si kupita kiasi. Karanga ziliharibiwa na mvua. Lakini kabla hata hajapalilia, watu walikuwa wameanza kuja: wajane wawili, mwalimu mmoja mstaafu, kisha wenye vishamba vidogo ambavyo ng'ombe hawapati nafasi ya kugeuka. Baadaye aliokota vyuma huku na huko akalifufua na la kijani pia, akalifungia mashine ya kukatia nyasi, akanoa visu vyake hadi vikaweza kunyoa ndevu. Sasa hukata nyasi za shule moja ya wasichana, na wasichana hujazana madirishani kumtazama hadi walimu wao wanachoka kuwakemea.

Husseini hajawahi kuomba radhi. Wanaposhikana mikono siku ya Idi, anashika vidole tu. Msimu uliopita mkewe, Aminah, alikuja akiwa na kuku, ingokho mnono, chini ya kwapa, akakaa jikoni kwa muda mrefu akizungumza habari za watoto kabla ya kufika alikokuwa akienda.

"Kuna bustani yangu ya mboga pale nyuma, mama Raisa. Na… mzee naye anasemanga lile shamba la chini halijalimwa bado. Ng'ombe wanazama."

"Bustani yako nitakuja kesho asubuhi," Zeituni alisema, "na kuku wako rudi naye, wewe ni dada yangu. Lakini shamba la mzee lina mwenyewe, na mwenyewe ana mdomo. Akitaka, aje aseme."

Kesho yake alikwenda. Husseini alikuwa ameketi barazani na kikombe cha chai, akitazama simu kwa makini mno. Zeituni alimsalimu, naye akaitikia. Akashusha plau pembeni mwa sukuma wiki na kulima bustani ya Aminah mstari kwa mstari, hadi karibu na ngazi za baraza, hadi kikombe cha chai kikaanza kulia kwenye kisahani chake. Alipomaliza aliinua plau, akaagana na Aminah, akaendesha trekta kurudi nyumbani kwa barabara kuu, katikati kabisa, pikipiki zikimpisha huku na huku.